Herufi Zilizohama Karatasi

Katika zile wiki za joto kali zinazotangulia masika hapa Tanga, aliingia dukani kwetu mzee mmoja akiwa na barua ya ofa ya kiwanja chake, ameitia ndani ya kava la plastiki laini, lile la kung'aa ambalo watu wengi huhifadhia vyeti. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nitolee kopi mbili, wanazitaka kule ardhi." Alipoanza kuichomoa barua ikasikika sauti ya kubanduka, kama plasta inavyotoka kwenye ngozi kavu, nami nikamwomba asiendelee. Mistari mitatu ya juu ilikuwa imebaki kwenye karatasi kama vivuli vya kijivu, na weusi wenyewe wa herufi ulikuwa umeshikamana na upande wa ndani wa plastiki. "Wino umehama," alisema kwa sauti ya chini. Barua hiyo aliitunza sandukuni kwa miaka mingi, chini ya nguo, mbali na mvua na mchwa, na kava alilolinunua ili kuilinda ndilo lililokuwa likiila herufi moja baada ya nyingine.

Nilisomea kemia chuo kikuu kabla ya kurudi kuendesha steshenari hii pamoja na kaka yangu, na tangu siku ile nimetamani kuandika kwa kirefu juu ya kitu hiki tunachokiita wino wa mashine ya kopi. Naumia kuona watu wakipoteza nyaraka zao kwa sababu tu hawakuambiwa kwamba herufi wanazozihifadhi zimetengenezwa kwa plastiki.

Wino wa kalamu ni rangi iliyo ndani ya kimiminika, na kimiminika hicho huzama katika nyuzi za karatasi. Tona, yaani huo wino wa mashine ya kopi, haina hata tone la maji. Ni unga mkavu, na katika gramu 100 za tona ya kawaida, gramu 80 hadi 90 ni resini, yaani polima: molekuli ndefu zilizoungwa kutokana na molekuli ndogo zinazojirudia maelfu ya mara. Weusi unatokana na masizi ya kaboni, ambayo ni sehemu chache tu katika mia, na kinachobaki ni nta kidogo pamoja na kemikali za kudhibiti chaji ya umeme. Zipo tona za sumaku ambazo karibu nusu ya uzito wake ni oksidi ya chuma, lakini hata katika hizo kinachoshika karatasi ni resini. Chembe moja ya tona ya kisasa ina kipenyo cha mikrometa 5 hadi 8, ilhali unywele wa mtu unafika mikrometa 70 hivi. Nilipiga hesabu siku moja nikaona kwamba gramu moja ya chembe za mikrometa 6 ina karibu chembe bilioni 8, na kwamba ukurasa wa barua, ambao herufi zake hufunika asilimia 5 ya karatasi, unatumia zaidi ya chembe milioni 100. Kila moja kati ya hizo inapaswa kubeba chaji, kuruka hadi mahali pake, kuyeyuka na kushika, yote katika muda mfupi kuliko wa kupepesa macho mara chache.

Namna jambo hili lilivyoanza inastahili kusimuliwa, kwa sababu ndani yake kuna kidokezo ambacho nilikipita mara nyingi bila kukitambua. Chester Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja jijini New York, na alichoshwa na kazi ya kunakili nyaraka kwa mkono huku akisumbuliwa na baridi yabisi. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba alichokodi mtaa wa Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei, mwanafizikia kutoka Austria, walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa hadi likapata umemetuamo, wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe ile na jina la mtaa, kisha wakalimulika kwa taa kali. Palipopigwa na mwanga chaji ilitoweka, na palipokingwa na maandishi ilibaki. Walinyunyiza spora za likopodiamu, unga laini wa manjano, wakapuliza, na maandishi yakajitokeza kwenye salfa. Mwishowe wakabandika karatasi yenye nta juu yake na kuipasha moto, na unga ukanasa.

Kidokezo chenyewe ni hiyo nta. Katika nakala ile ya kwanza, kitu cha kuyeyuka kilikuwa kwenye karatasi, na unga wenyewe haukuwa na uwezo wowote wa kushika. Ili mashine ifanye kazi kwa karatasi ya kawaida, ile tunayoinunua kwa rimu, ilibidi uyeyukaji uhamishwe kutoka kwenye karatasi uingizwe ndani ya kila chembe ya unga. Kazi hiyo ilianza katika taasisi ya Battelle huko Ohio mwaka 1944, ikaendelezwa na kampuni ya Haloid ya Rochester, na mwaka 1959 ikazaa mashine ya Xerox 914, iliyotoa kopi kwenye karatasi ya kawaida kwa kubonyeza kitufe. Historia ya tona tangu hapo ni historia ya watu waliokuwa wakitafuta plastiki inayojua wakati wa kuwa ngumu na wakati wa kuwa laini.

Plastiki za aina hii haziyeyuki ghafla kama barafu. Zina halijoto ambayo wanakemia huiita mpito wa kioo. Chini yake, minyororo ya polima imekaza kama iliyogandishwa mahali ilipo, na kitu chenyewe ni kigumu na huvunjika kama kioo. Juu yake, vipande vya minyororo huanza kujinyonganyonga, kitu kikawa kama mpira, na joto likizidi kikawa kama uji mzito. Tona inatakiwa iwe na mpito wa kioo ulio juu vya kutosha ili unga usigandamane ghalani, na ulio chini vya kutosha ili mashine isihitaji moto mkali. Nafasi iliyopo kati ya mahitaji hayo mawili ni finyu, na tona nyingi zimewekwa kati ya nyuzi 55 na 65 za Selsiasi.

Nafasi hiyo hupatikana kwa kuchanganya. Polistireni peke yake, plastiki ile ile ya vikombe vigumu vinavyong'aa na kupasuka upesi, ina mpito wa kioo kwenye nyuzi 100 hivi. Polima ya butili akrilati ni kinyume chake kabisa: mpito wake uko karibu nyuzi 54 chini ya sifuri, na kwa hiyo katika joto la kawaida ni kitu cha kunata. Ukiziunganisha monoma zao, yaani molekuli ndogo zinazojenga polima hizo mbili, katika mnyororo mmoja, mpito wa kioo wa zao lake hukaa katikati, na mwaka 1956 mwanakemia T. G. Fox alitoa kanuni rahisi ya kuukadiria. Nimeikokotoa mara nyingi kwa kalamu kwenye karatasi mbovu za hapa dukani. Sehemu 83 za stireni na 17 za butili akrilati hukupa nyuzi 60. Ongeza akrilati iwe sehemu 25, na mpito unashuka hadi nyuzi 44: tona hiyo ingegandamana kama sukari iliyopata maji katika lori lolote linalotoka Dar es Salaam mchana wa Januari. Ipunguze iwe sehemu 10, na mpito unapanda hadi nyuzi 75, herufi zikatoka kwa kusuguliwa na kidole kwa sababu mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya resini laini haikuipasha vya kutosha. Pengo la sehemu 15 katika mia linatenganisha unga ulioharibika kabla ya kutumika na unga usioshika. Napenda sana hesabu hii, kwa kuwa inaonyesha jinsi uamuzi mdogo wa mkemia unavyosafiri hadi kwenye barua ya mtu. Ndiyo sababu pia huwa nawasihi wateja wasiache katriji ndani ya gari lililofungwa juani, maana karibu na kioo cha mbele joto linaweza kupita nyuzi 60 bila shida.

Ndani ya mashine, karatasi yenye unga hupita kati ya rola mbili, sehemu ambayo mafundi huiita fyuza, ikiwa na joto ambalo katika mashine nyingi za zamani lilikuwa nyuzi 160 hadi 200. Chembe zinapata chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kulainika, kutambaa na kuingia kwenye nyuzi za karatasi. Hapa linajitokeza tatizo la urefu wa minyororo, na mtu wa Tanga atalielewa kwa mfano wa mkonge. Singa fupi haziwezi kushikana; ukizivuta zinaachana. Singa ndefu zikisokotwa huwa kamba inayofunga meli. Minyororo mifupi ya polima hutiririka upesi, hivyo karatasi hushika vizuri, lakini kama yote ni mifupi, unga ulioyeyuka hupasuka katikati, nusu ikabaki kwenye karatasi na nusu ikapanda na rola ya moto. Fundi huugundua ugonjwa huo kwa kivuli cha herufi kinachojirudia chini ya ukurasa, kwa umbali ulio sawa kabisa na mzingo wa rola. Minyororo mirefu sana nayo huufanya unga uwe mkaidi, usitiririke kwa wakati. Kwa hiyo watengenezaji huweka aina zote mbili katika resini moja: mifupi kwa ajili ya kutiririka, mirefu sana au iliyounganishwa kama wavu kwa ajili ya kushikana. Zamani rola zilipakwa mafuta ya silikoni ili unga usigande juu yake. Siku hizi nta imetiwa ndani ya chembe zenyewe, iwe ya polietilini, ya polipropilini, au ile ya karnauba inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi na mitende. Joto likifika, nta hujitokeza juu ya herufi kwa kitambo kidogo na kuizuia isishikane na rola. Nta ya Carlson imerudi, safari hii ikiwa ndani ya unga.

Sasa naweza kueleza lililoipata barua ya mzee. Plastiki ya PVC kwa asili yake ni ngumu, kama mabomba ya maji yanavyoonyesha. Ili iwe laini ya kukunjika, hutiwa vimiminika vya kuilainisha, kwa kawaida vya jamii ya fthalati, na katika kava laini vinaweza kufikia theluthi moja ya uzito. Vimiminika hivi havijafungwa na chochote. Vimejipenyeza tu kati ya minyororo ya PVC, na kwa kuwa vimejipenyeza vinaweza pia kuhama. Kava likilala juu ya herufi kwa miaka, chini ya uzito wa nguo, katika nyumba yenye joto la nyuzi 30 na zaidi, kilainishi hutambaa polepole na kuingia katika resini ya herufi, ambayo inakipokea kwa urahisi mkubwa. Kila kiasi kinachoingia hushusha mpito wa kioo. Herufi iliyokuwa na mpito wa nyuzi 60 hufika mahali mpito wake ukawa chini ya joto la chumba, na hapo inakuwa gundi, tena gundi inayoipenda plastiki kuliko karatasi. Hakuna moto wala maji yaliyohitajika.

Tona zenye resini ya poliesta hustahimili vilainishi hivi vizuri zaidi kuliko zile za stireni na akrilati, na hilo ni moja ya mambo yanayonifanya nizithamini. Molekuli za poliesta zina vikundi vingi vinavyovutana, kwa hiyo kilainishi hakikaribishwi kwa wepesi ule, na isitoshe hulainika kwa ghafla zaidi joto likipanda, jambo linaloruhusu fyuza yenye moto mdogo. Lakini mwenye barua hajui barua yake ilichapwa kwa resini gani, wala hana njia ya kujua. Anachoweza kukichagua ni kava. Kava la polipropilini, lile gumu kidogo, lenye weupe wa ukungu, linalotoa mlio ukilikunja, halina vilainishi vya namna hiyo. Kava la PVC ni laini, hujinamia lenyewe, na likiwa jipya lina ile harufu nzito ya pazia la bafuni. Dukani kwetu tumeacha kuuza la pili kwa ajili ya vyeti, ingawa ndilo linalopendeza machoni na ndilo watu huliulizia.

Jambo jingine linalotusumbua huku pwani ni unyevu, nalo linagusa upande wa umeme wa tona. Chembe hupata chaji kwa kusuguana, ama na vipande vidogo vya feraiti, kauri yenye sifa za sumaku, vilivyopakwa polima, ama na rola na bamba jembamba linalozikwaruza. Katika mashine nyingi chaji hiyo ni hasi, na zipo mashine ambazo ni chanya. Utando wa maji usioonekana ukitanda juu ya chembe, chaji huvuja, unga ukaanza kuruka ovyo, na kopi ikatoka na ukungu wa kijivu katika sehemu zilizopaswa kuwa nyeupe. Ili kuzuia hilo, uso wa kila chembe umenyunyiziwa chembe ndogo zaidi za silika, zenye ukubwa wa makumi ya nanometa au chini ya hapo, na silika hiyo, ambayo kwa asili inayapenda maji sana, hufunikwa na vikundi vya methili vinavyoyakataa. Silika hizo ndizo pia zinazofanya tona itiririke kama maji ukiinamisha chupa. Hata hivyo kinga hiyo ina kikomo. Wakati wa masika hatufungui mfuko wa katriji hadi siku ya kuitumia, na rimu iliyofunguliwa tunaifunika, kwa kuwa karatasi yenye unyevu hula joto la fyuza kabla herufi haijashiba.

Kwa muda mrefu tona ilitengenezwa kwa kusaga. Resini, masizi na nta viliyeyushwa na kukandwa pamoja, vikapozwa, vikapondwa, kisha vikapigishwa kwa upepo mkali hadi vikawa unga, na chembe zilizokuwa kubwa mno au ndogo mno zikatengwa. Chembe za namna hiyo zina kona na ncha kama kokoto zilizopasuliwa. Njia ya baadaye inaijenga chembe kutoka chini kwenda juu. Huanza na utomvu mweupe kama maziwa, ambao ni maji yenye vitone vya polima vya nanometa 200 hivi. Humo hutiwa masizi na nta, kisha chumvi ya alumini, na vitone vinaanza kushikana kama maziwa yanavyokatika ukiyakamulia ndimu. Tofauti ni kwamba mwenye kiwanda anayasimamisha. Chembe zikifika mikrometa 5 au 6, asidi hupunguzwa, ukuaji unakoma, na joto hupandishwa kupita mpito wa kioo hadi vitone vilivyoshikana vikaungana kuwa kitu kimoja chenye umbo la kiazi. Umbo hilo limekusudiwa. Chembe ya mviringo kamili hubingirika chini ya ule ubapa unaosafisha dramu, silinda ambayo juu yake taswira hujengwa kabla ya kuhamia karatasi, na kuacha uchafu, ilhali kiazi kinazuilika. Sijawahi kukiona kiwanda cha namna hiyo kwa macho yangu, lakini nimeitazama tona ya aina zote mbili kwa hadubini ya shule, na hata kwa ukuzaji wa mara 400 tofauti inaonekana: upande mmoja vipande vyenye ncha, upande wa pili nukta laini zinazofanana kama mbegu za mchicha.

Kutokana na yote hayo, ninaona ni kosa kubwa tona ya kujazia kuuzwa bila kuandikwa imetengenezwa kwa ajili ya mashine gani. Mwaka mmoja tulinunua mifuko kadhaa kwa msambazaji aliyetuhakikishia kwamba inafaa katika kila katriji. Tulichapa kwa tona hiyo mitihani ya majaribio ya shule moja, na siku ya pili mwalimu aliturudishia karatasi ambazo herufi zake zilikuwa zimepukutika kila palipokunjwa, zikaacha msalaba mweupe katikati ya maswali. Resini ile ilihitaji moto ambao fyuza yetu haikuwa nao. Tulichapa upya karatasi zote kwa gharama zetu, na tangu hapo kila mfuko mpya tunaupima kabla ya kuutumia: tunachapa boksi jeusi, tunalikunja, tunapitisha kidole juu ya mkunjo, kisha tunabandika selotepu na kuibandua polepole tuone inaondoka na nini. Na unga ukimwagika tunaufuta kwa kitambaa chenye maji baridi, kamwe si ya moto, kwa sababu maji ya moto hulainisha resini na kuinatisha kwenye nguo, na kifyonza-vumbi cha nyumbani huurudisha hewani kupitia chujio lake.

Mzee alikaa kwenye benchi muda wote nilipokuwa nikiishughulikia barua yake. Sikuibandua zaidi. Herufi zilizohama zilikuwa upande wa ndani wa kava, na ukizitazama kutoka nje zilisomeka sawasawa, kwa hiyo niliirudisha karatasi taratibu hadi vivuli vyake vikakaa chini kabisa ya weusi wake, mstari kwa mstari, nikaegemeza kiwiko mezani ili mkono usitetemeke. Kisha nikalilaza kava zima kifudifudi kwenye kioo cha mashine, nikaweka karatasi nyeupe nyuma yake, nikafunga kifuniko bila kukikandamiza. Kopi ya kwanza ilitoka na mng'ao wa plastiki kwenye pembe moja. Nilipunguza weusi na kurudia, na ya pili ikatoka na jina lake, namba ya kiwanja, kitalu, tarehe na mhuri, vyote vikisomeka. Niliipiga pia picha ya skana na kuihifadhi katika diski yake ndogo, nikamwandikia kwenye karatasi mambo ya kuwaeleza watu wa ardhi kuhusu nakala halisi, ili waione ndani ya kava lake na wasiivute. Alizisoma kopi zote mbili kwa miwani, akifuata kila mstari kwa kidole, kisha akauliza kama vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu wake, ambavyo navyo vimo katika makava ya namna ile ile, avitoe leo au asubiri kuche. Nikamwambia avitoe leo, jioni, joto likishapungua, aanze na kile cha zamani zaidi.